Tusubu Machubwi Dikoni, Siyo Uani

Mvuvi wa mshipi anayewafuata chewa na changu kwenye maji ya kina anahitaji kitu kizito, kidogo, kisichokata uzi. Kitu hicho ni risasi, ile metali laini na nzito, siyo ya bunduki. Kwetu Tanga, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani hii, wengi hawanunui dukani chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi. Wanalisubu wenyewe, yaani wanayeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu ya umbo wanalotaka: moto wa mkaa, karai, kalibu, upawa wa chuma, na donge la risasi lililotoka kokote lilikotoka. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo na kazi hii naipenda mpaka leo. Nasema hivyo mapema asije mtu akadhani naandika kwa kutaka ikomeshwe. Ninachotaka ni mambo mawili: betri zitoke katika kazi hii, na moto wenyewe utoke uani uende dikoni, pale ngalawa zinapofikia.

Kwanza nieleze kwa nini risasi, maana vijana huniuliza kwa nini tusifunge nati, plagi kuukuu au jiwe tu, tukamaliza. Jibu liko majini. Kila kitu kikizama kinapungukiwa uzito kwa kadiri ya maji kinayoyasukuma. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.34, ya chuma karibu 7.9, ya jiwe gumu la kawaida kama 2.7. Ukizamisha kilo moja ya risasi baharini, uzito unaobaki mkononi ni gramu 910 hivi. Kilo ya chuma inabaki 870. Kilo ya jiwe inabaki 620 tu. Lakini kinachomsumbua mvuvi zaidi ni mkondo. Ili jiwe livute mshipi sawasawa na chubwi la risasi, inabidi liwe na ukubwa mara sita, na kwenye mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kitu cha ukubwa huo kinabebwa, mshipi unalala upande, na chambo kinapelekwa mbali na mwamba uliokwenda kuutafuta. Hapo mvuvi hahisi tena samaki akigusa. Anahisi maji tu.

Chuma chenyewe kinahitaji ukubwa mara moja na nusu. Tofauti hiyo si ya kutisha, na nitairudia huko mbele.

Sasa kazi yenyewe. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila taabu. Ndiyo sababu kazi hii imeingia majumbani: chuma kinataka mhunzi na mifuo, shaba inataka tanuri, risasi inaridhika na jiko la kupikia maharage. Kipande kinakaa kimya karaini kwa muda, halafu ghafla pembe zake zinalegea na kinashuka chote kwa pamoja. Juu panabaki utando wa kijivu. Ukiusogeza kwa upawa, chini yake pana kioo. Unayaona mawingu mle ndani. Uso huo ukianza kugeuka rangi ya zambarau na buluu, joto limezidi, punguza mkaa. Wazee hawakuwa na kipimajoto. Walichovya kijiti kikavu: kikigeuka kahawia taratibu, joto linafaa, kikitoa moshi na kuwa cheusi papo hapo, ngoja kwanza. Baada ya hapo kipande cha mshumaa au nta ya nyuki kinatupwa ndani na kukorogwa. Nta inawaka, inarudisha sehemu ya ule utando kuwa risasi tena, na kinachobaki juu ni majivu ya uchafu ya kuenguliwa. Majivu hayo yakumbuke, maana ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Kalibu niliyojifunzia ni ya mjomba wangu, ya saruji, nusu mbili zinazokutana. Alichukua chubwi zuri, akalipaka mafuta, akalilaza nusu mwili ndani ya saruji mbichi. Ilipokauka akaupaka mafuta uso wote wa juu na kumimina nusu ya pili. Kalibu mpya ya namna hiyo haionjeshwi risasi haraka. Inaanikwa juani siku nyingi, kisha inakaushwa pembeni mwa moto, kwa sababu maji yaliyojificha ndani ya saruji yakikutana na risasi ya moto hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile waliyokuwa nayo, na risasi yote inaruka usoni kwa anayemimina. Hivyo hivyo kwa kipande chenye umande kilichotupwa karaini, hivyo hivyo kwa mchanga mbichi wa ufukweni ambao vijana hupenda kuuchimbia kidole na kumimina humo. Jasho likidondoka kutoka kwenye paji la uso linatosha kukuunguza. Mjomba hakuruhusu mtungi wa maji karibu na jiko, wala hakumimina mawingu yakiwa yanatishia.

Kabla ya kumimina, kila nusu inashikwa juu ya koroboi mpaka ndani iwe nyeusi kwa masizi, ili risasi isigande na saruji. Waya mnene, nao umepakwa masizi, unapitishwa katikati kuacha tundu la uzi. Nusu mbili zinafungwa kwa waya, mdomo juu. Unachota, unamimina mara moja bila kusita, na huondoki. Risasi inapoganda inanywea, na pale mdomoni panazama shimo dogo. Unaliongeza tone, linazama tena, unaongeza. Mdomo unang'aa, unang'aa, kisha mng'ao unafifia ghafla. Hapo ndipo imeganda. Chubwi la kwanza mara nyingi hutoka na mikunjo kwa sababu kalibu bado baridi. Linarudi karaini bila majuto. La tatu au la nne linatoka laini, na ule mkia wa mdomoni unakatwa kwa kisu.

Umbo nalo lina sababu yake. La mchanga ni bapa, lisibingirike. La mwambani ni refu na jembamba, lipite kwenye nyufa bila kukwama. Risasi za wavu ni jambo jingine kabisa: risasi inamwagwa juu ya bati iwe karatasi nyembamba, inakatwa vipande kwa mkasi na kukunjwa juu ya kamba ya chini. Na hapa nina ombi kali kwa ndugu zangu wa mishipi midogo. Acheni kubana vipande hivyo kwa meno. Najua mkono mmoja umeshika uzi na koleo liko upande wa pili wa ngalawa. Lifungeni koleo kamba, lining'inie shingoni.

Risasi inatoka wapi? Iliyo bora kwetu ni vile vipande vidogo ambavyo mafundi wa tairi hubandika kwenye ringi kusawazisha gurudumu. Vikianguka au vikibadilishwa, hukusanywa kwenye kopo na kuuzwa. Zamani vilikuwa risasi vyote. Siku hizi vingine ni chuma na vingine ni zinki, maana Ulaya ilivipiga marufuku vya risasi kwenye magari mapya tangu 2005 na viwanda vikabadilika. Chuma kinajulikana kwa sumaku. Zinki mara nyingi imepigwa muhuri wa Zn, na koleo haliumi ndani yake kama linavyouma risasi. Usipoichambua, joto likiwa la wastani zinki inaelea ikiwa nzima, kwa kuwa haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 419, unaiokota na kuitupa. Ukizidisha moto ikaingia, karai zima linakuwa kama uji wenye mabonge na kalibu haijai tena. Chanzo kingine ni ala la nyaya nene za simu za zamani zilizofukuliwa ardhini. Hilo ni risasi karibu safi, laini, ukilikuna kwa ukucha linaacha alama.

Chanzo cha tatu ni betri za magari. Hapo ndipo ninaposimama na kusema hapana.

Ukiivunja betri, unachokuta si vipande vya risasi kama vya ringi. Ni vyavu vyembamba vilivyojazwa unga, na unga huo ni misombo ya risasi iliyolowa asidi ya salfa. Ukiupiga nyundo unapeperuka. Ukiukausha juani unapeperuka zaidi. Sehemu kubwa ya unga huo haiyeyuki kwa jiko la mkaa. Unaishia kuwa takataka ya njano na kijivu inayomwagwa nyuma ya nyumba, penye kuku na watoto. Mtu anavunja betri nzima apate machubwi machache, na uani kwake anabaki na sumu ya miaka.

Nchini Senegal, katika kitongoji cha wavuvi cha Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, watu walikuwa wakivunja betri na kuyeyusha risasi kwa miaka mingi bila mtu kushituka. Kisha bei ya risasi duniani ikapanda sana mwaka 2007, na ule mchanga uliokuwa umejaa mabaki ya betri ukawa mali. Wanawake wakauchimba, wakauchekecha kwa mikono, wakautia viroba na kuuhifadhi majumbani mpaka mnunuzi aje. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa katika mtaa ule kwa ugonjwa wa ghafla wa ubongo ambao mwanzoni haukujulikana. Walipopimwa ndugu zao na mama zao, damu zao zilikuwa na risasi ya kutisha. Nikisoma habari hii huwa siwaoni watu wa mbali. Naona watu wenye ngalawa, nyavu na chekeche la unga wa muhogo, wanaofanya kazi ya kutafuta riziki kama yetu.

Na karibu zaidi kuna Owino Uhuru, Mombasa. Pale haikuwa jiko la mkaa, ilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichojengwa ukutani mwa makazi ya watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini. Alipigania watu wa mtaa ule mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi iliendelea kupanda ngazi za mahakama miaka mingine. Fedha, hata zikija, haziitoi risasi mifupani.

Maana mwilini risasi hufanya kazi ya ulaghai. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaipeleka kwenye mifupa, ikakaa huko miongo. Mwanamke akishika mimba, mifupa inapotoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi ya utoto wake inatoka nayo. Mtoto mdogo hufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Dalili zake hazijitangazi. Tumbo linakaza, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua, mtoto anachelewa kusema, darasani hatulii. Nani atafikiria chubwi la babu yake? Tutasema ni mchango, tutasema ni macho ya watu, tutampeleka kila mahali isipokuwa kupimwa damu.

Watu wengi wanaogopa moshi. Moshi si wa kupuuzwa, lakini risasi iliyoyeyuka kwa joto la wastani hutoa mvuke mdogo sana. Yenyewe huchemka kwenye nyuzi 1,749. Kinachoingia mwilini katika kazi ya nyumbani zaidi ni vumbi: yale majivu yaliyoenguliwa, unga wa kijivu ulioganda viganjani, makombo yaliyoshika kwenye msuli na kanzu, kisha mkono unaochukua tonge bila kunawa. Ndiyo maana mahali pa kufanyia kazi pana uzito kuliko kitambaa unachofunga puani.

Waliokwenda mbali zaidi katika ufundi huu ni Wamarekani wanaojisubia risasi za bunduki majumbani. Ni jadi ya zamani kwao. Julai 9, 1776, watu wa New York waliiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu iliyokuwa ya risasi iliyopakwa dhahabu, na sehemu kubwa yake ikasafirishwa hadi mji wa Litchfield, Connecticut, ambako wanawake na watoto wa mji ule waliisubu kuwa risasi 42,088 za kuwapigia wanajeshi wa mfalme yule yule. Warithi wao wa leo wanapima mchanganyiko kwa mizani. Wanao mmoja maarufu wa risasi asilimia 90, bati jeupe 5 na antimoni 5, kwa sababu risasi ya bunduki inahitaji ugumu ipite kwenye mtutu bila kuchunika. Wanatafuta hata herufi za mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti, zenye antimoni asilimia 12. Chubwi halitaki yote hayo. Chubwi linataka risasi laini tu, ikigonga mwamba ibonyee na isikatike.

Nilichokipenda kwao ni adabu ya kazi. Chungu cha risasi hakipikiwi kitu kingine. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Hakuna kula wala kuvuta sigara karibu na karai. Mikono inanawiwa kabla ya kushika kitasa cha mlango. Nchi za Magharibi pia zimeanza kuibana risasi kwa ajili ya ndege tu: Uingereza ilipiga marufuku kuuza machubwi madogo ya risasi mwaka 1987 kwa kuwa batamaji walikuwa wanayameza na kufa, na California tangu Julai 1, 2019 hairuhusu kuwinda kwa risasi yenye madini hayo, kwa sababu tai wakubwa wa huko walikuwa wanakula mizoga yenye vipande vyake. Ikiwa ndege wamewekewa sheria, watoto wetu hawastahili hata kuhamishiwa jiko?

Nilizungumza na mjomba. Nilimkuta uani anapiga masizi kalibu yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Kaa hapo, utanishikia."

Nikamwambia hili karai tulihamishe. Akacheka. "Babu yako kayeyusha risasi hapa hapa na kafa mkongwe, meno yote kinywani."

"Babu hakuvunja betri, mjomba. Na babu alikuwa mtu mzima. Huyu je?" Mjukuu wake alikuwa anatambaa kuelekea kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Hakunijibu. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikapangusa ubao wa ile mbuzi, pale mtu anapokalia na chini yake sinia la nazi linapowekwa. Kilitoka kijivu chenye chembe ndogo zinazometa. Mkewe alikiona kabla yake. Aliuchukua mkono wa mtoto, akautazama kiganja, akaingia naye ndani bila kusema neno. Jioni ile ile mjomba alibeba kalibu zote mbili na karai akazipeleka dikoni, kwenye banda la kukarabatia mashine. Ile mbuzi ilichomwa, na udongo wa pale palipokuwa jiko ukatolewa kwa jembe na kufunikwa saruji.

Hivi ndivyo ninavyoomba vikundi vya wavuvi na kamati za BMU, yaani za usimamizi wa fukwe, za pwani yetu wafanye. Kila diko liwe na sehemu moja ya kusubu: banda lenye paa, kuta wazi, upepo unaovuka kwenda baharini na si kwenye nyumba, sakafu ya saruji inayopanguswa kwa maji na haifagiliwi kwa ufagio, maana ufagio unanyanyua vumbi. Karai la chuma, lisiwe sufuria ya alumini ambayo chini yake hulegea moto ukizidi. Siku moja, kabla ya siku za maji yanayofaa kuvua kwa mshipi, inatosha kusubu mahitaji ya watu wote. Anayemimina avae viatu vya kufunika vidole na miwani, anawe kwa sabuni, abadili nguo palepale. Wajawazito na watoto wasiwepo kabisa.

Kwa nyavu za maji madogo, tuache risasi. Hapa ndipo ile hesabu ya chuma inaporudi: ukubwa mara moja na nusu kwenye wavu uliotandikwa kina kifupi haumsumbui mtu. Vipande vya nondo vilivyofungwa vizuri, au vigae vya udongo uliochomwa wenye tundu kama walivyofanya wazee wa zamani zaidi, vinashusha kamba chini vilevile. Vitaota kutu, vitabadilishwa. Nondo chakavu hazikosekani. Risasi tuibakize kwa mshipi wa kina, ambako haina mbadala wa karibu na ambako chubwi moja, likitunzwa, linamtumikia mvuvi muda mrefu.

Betri iliyokufa iuzwe nzima, maji yake yakiwa ndani, kwa mnunuzi anayezipeleka kwenye kiwanda kinachokaguliwa. Anayekuja dikoni na mabamba ya betri yaliyokwisha kuvunjwa, hata akiyatoa bure, arudishwe nayo. Na yale majivu yanayoenguliwa juu ya karai yasimwagwe jalalani wala majini. Yatiwe kwenye kopo la rangi lenye kifuniko, kopo liandikwe kwa herufi kubwa kuwa ni sumu, likijaa liende na hizo betri.